Shahada ya Uuguzi: Chagua Wodi Kabla ya Jina la Chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, nyumba nyingi za Tanzania hugeuka ofisi za udahili. Mjomba aliyesoma hupigiwa simu, jirani anayefanya kazi hospitali huulizwa, na mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) husambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Kwa kijana wa PCB mwenye alama za kati, uuguzi huingia kwenye mazungumzo baada ya udaktari na ufamasia kuonekana viko mbali. Hapo wazazi huuliza maswali mawili: chuo gani kina jina, na ada ni shilingi ngapi?

Ni maswali halali, lakini yamewahi foleni. Shahada ya uuguzi haifanani na shahada ambayo mtu anaweza kuipata kwa kukaa darasani, kusoma noti na kufaulu mtihani. Sehemu kubwa ya elimu yake iko kitandani kwa mgonjwa, na hapo ndipo vyuo hutofautiana zaidi kuliko vinavyotofautiana kwa majengo au umaarufu. Anayetaka kuchagua vizuri aanze kuuliza atajifunzia kazi hospitali gani, nani atamsimamia akiwa wodini, na atapata saa ngapi za kushika kazi kwa mikono yake. Jina na ada vije baada ya hapo.

Je, ni lazima iwe shahada?

Swali la kwanza hurukwa na wengi: kwa nini shahada? Muuguzi wa Tanzania anaweza kuingia kazini kwa cheti, kwa stashahada au kwa shahada. Shahada huchukua miaka minne, kisha mwaka mmoja wa utarajali hospitalini. Katika matangazo ya ajira serikalini, mwenye stashahada huitwa Afisa Muuguzi Msaidizi na mwenye shahada huitwa Afisa Muuguzi. Ukiwakuta zamu ya usiku, huenda usione tofauti: wote wanatoa dawa, wanafunga vidonda, wanaweka dripu, wanazalisha. Tofauti huonekana kadiri miaka inavyosonga. Mwenye shahada amefundishwa utafiti, uongozi na ualimu, na mlango wa uzamili uko wazi kwake, iwe katika ukunga, huduma kwa wagonjwa mahututi au afya ya akili.

Kuna ushahidi kwamba elimu hiyo ina faida kwa mgonjwa pia. Mwaka 2014 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Linda Aiken na wenzake uliohusu wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000 katika hospitali 300 za nchi 9 za Ulaya. Watafiti waliona kwamba kila sehemu ya wauguzi wenye shahada ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 baada ya kulazwa ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja wa kuhudumia, uwezekano wa kifo ulipanda kwa asilimia 7. Hizo ni hospitali za Ulaya, na utafiti wa aina hiyo huonyesha mambo yanayokwenda pamoja bila kuthibitisha kwamba moja limesababisha jingine. Hata hivyo una funzo kwetu: shahada ina uzito, ila haiwezi kufidia wodi ambayo muuguzi mmoja anahudumia wagonjwa wengi kupita kiasi.

Kwa hiyo si kila kijana alazimike kupita njia moja. Wa kidato cha nne aliyefaulu masomo ya sayansi, na ambaye familia yake haimudu kidato cha tano na cha sita kisha chuo, anaweza kusoma stashahada, akaajiriwa, halafu akajiendeleza. Mwongozo wa TCU wa miaka ya karibuni huwafungulia mlango wenye stashahada ya uuguzi yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0. Chuo Kikuu cha Aga Khan, kwa mfano, kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuwaendeleza wauguzi walioko kazini. Njia hiyo ni ndefu, lakini anayeipita hufika chuo kikuu akiwa tayari anajua harufu ya wodi, na mihadhara humwingia haraka.

Tahadhari moja ni kwa wale wanaojaza uuguzi wakiwa wanasubiri udaktari. Kozi hii ni nzito, ina fiziolojia, mikrobiolojia na famakolojia yake, na mtu anaweza kupigwa sapu au hata kudisko kama kwenye kozi nyingine yoyote ya afya. Mwenye moyo wake kwingine huchoka mwaka wa pili, zamu za usiku zinapoanza. Ni heri arudie mtihani au achague fani nyingine kuliko kuchukua nafasi ya mwenzake aliyeitaka.

Ithibati: hatua isiyo na mjadala

Baada ya kuamua kwamba ni shahada, chujio la kwanza ni ithibati. TCU hutoa ithibati kwa chuo na kwa programu, na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania ndilo linalosajili na kutoa leseni chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Bila leseni, cheti cha shahada hakimruhusu mtu kumhudumia mgonjwa. Ndiyo maana lazima uulize kote kuwili: je, programu hii inatambuliwa na TCU, na je, wahitimu wake husajiliwa na Baraza bila vikwazo?

Hili si jambo la kufikirika. Julai 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo 2017/18, na ikasitisha udahili katika kozi 75 kwenye vyuo vingine 22. Familia zilizokuwa zimeshajipanga zilianza upya. Nchini Kenya, mvutano kati ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na mabaraza ya kitaaluma kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuidhinisha programu ulifika mahakamani. Wakubwa wanapogombana juu ya mamlaka, anayeumia ni mhitimu anayesubiri usajili akiwa na cheti mkononi.

Hapo hapo angalia sifa za kuingilia. Kwa waliotoka kidato cha sita, mwongozo umekuwa ukitaka ufaulu wa masomo matatu, yakiwamo Kemia na Biolojia, na la tatu liwe kama Fizikia, Hisabati au Lishe, kwa jumla ya pointi zisizopungua 6. Kemia ndiyo huwaangusha wengi. Usitegemee mwongozo wa mwaka jana uliourithi kwa kaka yako. Soma wa mwaka wako, ukurasa wa chuo unachokitaka. Na kwa kuwa tangu 2017 waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni, matapeli wanaojifanya mawakala wa udahili nao wamepata nafasi. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza: chuo kinachokufuata nyumbani na kukuahidi nafasi bila sifa kina sababu zake.

Wodi ndiyo darasa

Sasa tufike kwenye kiini. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu utambuzi wa taaluma, Agizo la 2005/36, inataka muuguzi asome walau miaka mitatu na saa 4,600, na angalau nusu ya saa hizo ziwe za vitendo kwa wagonjwa. Sheria hiyo haitufungi sisi, lakini inatupa kipimo. Omba mtaala wa chuo unachokifikiria, jumlisha saa za wodini na za jamii, kisha uone zinakaribia wapi. Chuo kinachoshindwa kukuonyesha hesabu hiyo kimeshakujibu.

Idadi ya saa peke yake nayo hudanganya. Fikiria wodi ya wazazi ya hospitali kubwa ya rufaa, saa mbili asubuhi. Mama mmoja amefikia sentimita nane. Kando ya kitanda wamesimama wanafunzi wanne wa shahada ya uuguzi, wawili wa stashahada ya ukunga, watatu wa udaktari na daktari mtarajali. Kila mmoja ana logbuku inayotaka idadi fulani ya kuzalisha, na kila tukio lisainiwe na msimamizi. Mtoto anayezaliwa ni mmoja. Anayempokea ni mmoja, mwingine anakata kitovu, wa tatu anapokea kondo la nyuma. Waliobaki wanatazama juu ya mabega ya wenzao. Mama mwenyewe hakuulizwa kama anataka hadhira ya watu kumi. Zamu ikiisha, wasiogusa chochote wanamzunguka sista wakiomba saini. Ndivyo mtu anavyohitimu na logbuku iliyojaa na mikono mitupu.

Linganisha na hospitali ya mkoa au ya wilaya, usiku, wakunga wawili zamu. Mwanafunzi aliyepangwa nao hana pa kujificha. Anapewa patografu ajaze: mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, uchungu unakujaje, njia imefunguka kiasi gani baada ya saa nne. Akiona mstari unaelekea pabaya, anamwita mkunga, na mkunga anamuuliza, "Wewe unaonaje?" Swali hilo moja, akiulizwa usiku baada ya usiku, linamfundisha kufikiri zaidi kuliko mihadhara mingi.

Maana yake si kwamba hospitali ndogo ni bora siku zote. Hospitali ya rufaa ina wagonjwa wa figo, wa moyo na wa saratani, ina chumba cha mahututi na watoto njiti, mambo ambayo wilayani hayapatikani. Programu nzuri huchanganya vyote viwili kwa mpango. Tazama ramani ya nchi kwa jicho hilo. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) kiko ua mmoja na Hospitali ya Taifa, na jirani zake ni taasisi ya mifupa MOI na ya moyo JKCI. Hakuna mahali pengine nchini penye utajiri huo wa kesi, wala penye ushindani mkali hivyo wa kuzifikia. Moshi na Mwanza, vyuo vikuu vya KCMC na CUHAS vimeota pembeni ya hospitali za KCMC na Bugando, zote zilizofunguliwa mwaka 1971 na zinazopokea rufaa za kanda nzima. Dodoma, Chuo Kikuu cha Dodoma kina Hospitali ya Benjamin Mkapa karibu, na katika mji huohuo ipo Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Zanzibar, chuo kikuu cha SUZA kina Hospitali ya Mnazi Mmoja. Ukiujua mwelekeo wako, ramani hii inaanza kusema nawe: anayevutwa na afya ya akili ana sababu ya kuitazama Dodoma, na anayependa upasuaji wa moyo ana sababu ya kuitazama Dar es Salaam.

Ukishapata orodha fupi, uliza maswali yenye majibu ya kuhesabika. Wodi moja hupokea wanafunzi wangapi wa chuo hiki kwa wakati mmoja, na wa vyuo vingine wangapi? Chuo kina walimu wake wanaokaa wodini, au kinamwachia sista inchaji mwenye kazi zake? Mhitimu wa mwaka jana alizalisha akina mama wangapi kwa mikono yake? Na usiache usalama: je, chuo huhakikisha chanjo ya homa ya ini B, dozi zote tatu, kabla hujaingia wodini? Ukichomwa na sindano saa nane usiku, unamwona nani? Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Chuo chenye utaratibu hutaja ofisi na mtu wa kumwona papo hapo.

Walimu na maabara

Majengo mapya hupigwa picha. Walimu hawapigwi, lakini wao ndio chuo. Angalia kama walimu wa masomo ya uuguzi ni wauguzi wenye leseni hai, na kama bado wanaonekana wodini. Mwalimu aliyeacha kugusa mgonjwa siku nyingi hufundisha kitabu, na kitabu mwanafunzi angejisomea mwenyewe.

Maabara ya stadi nayo ikaguliwe. Hapo ndipo mwanafunzi anapaswa kukosea: kuweka kanula kwenye mkono wa plastiki, kuhuisha mtoto mchanga kwenye mdoli, kuingiza mpira wa mkojo mara kadhaa kabla ya kumkaribia mtu. Midoli iliyofungiwa kabatini kusubiri wageni wa ukaguzi haimsaidii mtu. Waulize wanafunzi wa mwaka wa pili ni lini mara ya mwisho waliigusa, hao hawatakuficha.

Jambo jingine huonekana dogo lakini lina uzito. Mihadhara ni ya Kiingereza, wagonjwa ni wa Kiswahili, na huko Kanda ya Ziwa bibi aliyelazwa anaweza kuwa anajua Kisukuma tu. Programu makini humfundisha mwanafunzi kumweleza mgonjwa ugonjwa na dawa kwa lugha anayoielewa, na humpima kwa hilo. Mgonjwa asiyeelewa maelezo ya dawa za presha hurudi na kiharusi, hata kama nesi wake alipata A ya famakolojia.

Hesabu ya fedha

Ada huonekana kwenye mwongozo, na kwa kawaida vyuo vya umma ni nafuu kuliko binafsi. Gharama zinazoumiza ni zile zisizoandikwa hapo: sare pea mbili au tatu, viatu vya wodini, stethoskopu, mashine ya presha, saa ya mshale wa sekunde, nauli ya kwenda hospitali iliyo mbali na bweni, chakula cha zamu ya usiku, pango wakati wa mazoezi ya vijijini. Chuo cha ada ndogo ambacho hospitali yake iko daladala mbili kutoka bwenini kinaweza kuishia kuwa ghali kuliko cha ada kubwa kilicho ua mmoja na wodi.

Bodi ya Mikopo hupanga kiwango kwa uhitaji wa mwombaji, hivyo wawili wa darasa moja hupata tofauti. Usijaze chuo kwa kudhani bumu litafunika yote. Na mkopo ni deni: mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka limalizike. Mzazi na mtoto wakae na karatasi, waandike miaka minne yote na si muhula wa kwanza peke yake. Wengi wanaokwama hukwama mwaka wa tatu, wakati shamba limeshauzwa.

Baada ya joho

Wauguzi hawatoshi na wahitimu hawana kazi: sentensi zote mbili ni kweli. Upungufu hupimwa kwa ikama, yaani idadi ambayo kituo kinapaswa kuwa nayo. Ajira hutolewa kwa kibali, na kibali hutegemea bajeti ya mishahara. Katikati ya viwili hivyo wamesimama vijana wenye leseni wanaojitolea wodini kwa posho kidogo wakisubiri tangazo. Anayesoma uuguzi leo asiahidiwe kazi ya siku ya kwanza. Aangalie hospitali za mashirika ya dini na binafsi, na ajipatie ujuzi wa ziada unaotafutwa, kama usafishaji wa damu, huduma ya mahututi au ya watoto njiti. Hapa tena wodi aliyosomea humrudia kama faida au hasara.

Wengi wanatazama nje, na hawana kosa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Hata hivyo milango haifanani. Tanzania imo katika orodha ya shirika hilo ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza huwazuia waajiri wake kwenda kuzoa wauguzi katika nchi za orodha hiyo. Mtu binafsi anaruhusiwa kuomba mwenyewe. Kenya, kwa upande wake, ilisaini makubaliano na Uingereza mwaka 2021 ya kuajiri wauguzi wake huko. Marekani hutaka mtihani wa NCLEX-RN, na wakaguzi wa vyeti huangalia saa za nadharia na za vitendo katika uuguzi wa watu wazima, wa watoto, wa uzazi na wa afya ya akili. Chuo kisichoweka kumbukumbu za saa hizo humfungia mhitimu wake mlango miaka kumi baadaye, akiwa ameshasahau hata jina la karani wa kitivo.

Hukumu

Ukiyaweka yote mezani, mpangilio unajitokeza wenyewe. Ithibati ya TCU na usajili wa Baraza kwanza, kwa kuwa bila hivyo hakuna mjadala. Kisha wodi: hospitali ipi, wanafunzi wangapi, nani anasimamia. Kisha walimu, halafu gharama zote za miaka minne. Jina la chuo liamue tu pale vyuo viwili vinapolingana kwa mengine yote. Chuo kikongwe chenye wodi iliyofurika kinaweza kuzidiwa na chuo kisichotajwa sana ambacho kila mwanafunzi wake anajulikana na mkunga wa zamu.

Kwa hiyo, mzazi, na wewe kijana uliyechaguliwa na vyuo viwili na unatakiwa kuthibitisha kimoja: kabla ya kutuma namba ya uthibitisho, mtafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kila chuo. Muombe akueleze zamu yake ya mwisho: alikuwa na nani, alifanya nini kwa mikono yake mwenyewe, nani alimsahihisha. Asiyeweza kukujibu amekujibu tayari, na siku za kuthibitisha ni chache.